Mshenga wa Tarumbeta

Mwaka nilioanza kuozesha maua, jicho langu la kulia liligeuka jeusi kwa siku mbili. Si weusi wa kupigwa. Mboni yenyewe ilipanuka ikafuta rangi yote ya kahawia, na mwanga wa kawaida wa asubuhi ukawa unaniuma kama mtu kanimulika na tochi. Nilikuwa nimejifuta jasho kwa kidole chenye utomvu wa mti wa tarumbeta. Mama alinishika kidevu, akanigeuzia mlangoni kwenye mwanga, akasema twende zahanati. Baba akauliza kama naona vitu viwili viwili. Jirani yetu wa chini, ambaye hajawahi kukosa neno, akasema basi nimeshakuwa bundi, nilale mchana na usiku nilinde mahindi. Tukacheka wote. Siku ya tatu jicho likarudi lenyewe.

Nalitaja jicho hilo kwanza kwa sababu bila hilo nisingejua lolote, na kuna siku nimetamani sana nisingejua.

Nyumbani ni Endabash, kwenye mteremko, nyumba ya bati na zizi la miti nyuma yake. Ua wetu wa upande wa barabara ni tarumbeta tupu. Jina lake la kitabu ni brugmansia, nami nimelijua kwenye simu nikiwa mkubwa. Kwetu ni tarumbeta tu, kwa jinsi maua yanavyoning'inia, marefu, meupe, midomo imeangalia chini. Mchana huwezi kuyajali. Jua likianza kushuka yanatoa harufu inayofika mpaka jikoni, harufu ambayo mpaka leo sijapata neno lake, na bibi yangu alikuwa akiisikia anaacha kupepeta na kukaa tu. Bibi ndiye aliyeleta kijiti cha kwanza kutoka misheni alikokuwa akifua nguo. Alikichomeka, kikashika, na kila aliyepita akaomba kijiti chake. Ndivyo barabara yetu yote ilivyopata ua. Tena ulikuwa ua mzuri kwa sababu ni sumu: mbuzi hawaugusi, ng'ombe wakipita wanageuza pua, na sisi watoto tuliambiwa ukilamba unapata kichaa, tukaamini, hatukulamba.

Mti ule haukuwahi kuzaa. Maua yalidondoka mazima, mwaka baada ya mwaka, na watu walisema ndivyo ulivyoumbwa.

Nami labda ningesema hivyo hivyo kama nisingekwenda Arusha. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakuwa ya kumwonyesha mtu, kwa hiyo nikaenda kufanya kibarua kwenye shamba la mbegu za maua, misimu miwili. Humo tulikuwa wasichana wengi ndani ya nyumba za nailoni, kila mmoja na kibano na brashi ndogo. Unafungua ua changa, unatoa zile nyuzi zenye vumbi kabla hazijapasuka, halafu unaleta vumbi la ua jingine, rangi nyingine, unalipaka katikati na kufunga uzi ili ujue limeshafanyiwa. Kazi ya kwanza tuliita kuhasi, ya pili kuozesha, na tulicheka nazo mpaka msimamizi akatukataza. Tulipotoka tulipekuliwa mifuko na kucha, tusiibe hata mbegu moja. Sikuiba. Ila kile kilichokuwa kichwani hakuna aliyekipekua.

Nilirudi nyumbani na ndoto nzima, iliyokwisha pakwa rangi. Nitatengeneza tarumbeta ambayo haipo popote Karatu, rangi ya kuanzia nyeupe shingoni na kuishia kama machweo mdomoni. Nitaotesha miche, loji zitakuja zenyewe kununua, na mama atakuwa na jiko lisilotoa moshi. Nilikuwa nawaza hayo huku nachota maji, nikigongana na ndoo.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mjinga. Kila alfajiri nilichukua vumbi la mti wetu nikalipaka kwenye maua ya jirani wa chini, na la kwake nikalileta kwetu. Nilifunga nyuzi nyekundu nilizofumua kwenye sweta langu la shule. Jirani akawa ananisubiri kwenye ua wake na kikombe cha chai. "Mshenga," ananiita, "mahari imefika, au wakwe bado wanakula ngano yangu bure?" Maua yote yakadondoka, na nyuzi zangu. Nilijaribu mti wa tatu, wa nne, mpaka kule karibu na shule. Hakuna. Ilinichukua miezi kuelewa, nikiwa nimekaa tu natazama mama anachomeka matembele: kijiti ukikikata, ukikipanda, ni mti ule ule. Barabara yetu yote ilikuwa mti mmoja wa bibi. Nilikuwa namwoza mtu na nafsi yake.

Jirani nilipomweleza alicheka hadi akamwaga chai.

Bwana harusi nilimpata kwenye loji moja nilikokwenda kupalilia bustani. Mzee wa bustani wa pale alikuwa na tarumbeta ya rangi ya waridi. Nilimwomba kijiti, naye akanikatia viwili, akanifungia kwa gazeti bichi kama mtu anayefunga nyama. Kimoja kilioza. Cha pili kikaishi, na baada ya mwaka na kitu, masika yakielekea kuisha, kikatoa maua manne.

Sasa niseme kuhusu ng'ombe, kwa sababu wakati huo alikuwa zizini na ndama wa kike miguuni.

Ng'ombe yule hakuwa wetu. Alikuwa wa rafiki wa baba, mzee wa Kimaasai wa ng'ambo ya kreta. Zamani, kabla sijazaliwa, ugonjwa ulipomalizia mzee yule mifugo, baba alimpa dume. Miaka ikapita, mzee akamrudishia mtamba. Kwa Wamaasai, watu waliopeana ng'ombe wanaacha kuitana majina. Wanaitana pakiteng', wote wawili, yule anamwita huyu na huyu anamwita yule. Baba yangu ni mtu wa Mbulu, Kimaasai chake kinatosha kusalimia na kununua mbuzi tu, lakini neno hilo alikuwa akilitamka kwenye simu kwa sauti ambayo hakuitumia kwa mtu mwingine. Sisi watoto tukisikia "Pakiteng'" tulijua baba ana furaha, tukaomba vitu.

Ukame ulipobana huko juu mzee alibaki na ng'ombe wachache wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja akamshusha kwetu apone. Maziwa yetu, ndama wake. Na kwa kuwekewa ng'ombe kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika lakini kila mtu anaujua: akifa, humpigii mwenyewe simu ukasema pole. Unampelekea ngozi, sikio likiwa bado limeshikana nayo, aone alama yake, na unamweleza kwa mdomo wako amekufaje. Ngozi bila maelezo ni sawa na umemla.

Basi masika yale nikaozesha. Jioni, harufu ikianza, nilihasi maua ya mti wa bibi. Alfajiri nikaleta vumbi la waridi kwenye brashi ya rangi ya kucha. Nilifunga nyuzi nane. Tatu zilidondoka. Tano zikabaki, na baada ya wiki mbili nilishika shingo ya ua la kwanza nikasikia kigumu ndani, kama kidole cha mtoto. Mti wa bibi ulikuwa umebeba. Nilimwita mama, nikamwita baba, nikamwita mpaka jirani wa chini. Alizunguka mti mara mbili mikono nyuma, akavua kofia. "Haya mshenga, nimekukubali," akasema. "Ila huyu mtoto kama hafanani na baba yake, mimi simo."

Matunda yakarefuka, ya kijani, laini, yamenyooka kama pilipili hoho ndefu. Mbegu zake huchukua miezi mingi kukomaa. Mwezi wa nane yalikuwa na miezi mitatu, kiangazi kimekaza, majani ya mti yakaanza kulegea mchana. Nikaogopa mti utayaachia. Kule Arusha tulifundishwa: punguza matawi yasiyo na kazi, nguvu iende kwenye mbegu. Jumapili asubuhi nikachukua panga nikakata matawi yote yasiyobeba. Yalikuwa mzigo mkubwa. Nikayakokota mpaka nyuma ya zizi, nikayatupa pembeni ya lundo la mabua ya mahindi, nikiwa na nia ya kurudi na toroli niyapeleke shimoni. Mama akaita kuwa tunachelewa kanisani. Nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, kwa ajili ya macho yangu. Kwa ajili ya macho yangu nilikumbuka.

Mchana tulikaa kwenye kikao cha kwaya. Jioni nilikuwa nimechoka, nikayasahau.

Tarumbeta mbichi ng'ombe hali. Hilo kila mtu kwetu anajua, na ndilo lililotuponza. Hakuna aliyewahi kujiuliza ikinyauka jua zima, harufu ikapotea, ikachanganyika na mabua makavu, na ng'ombe ana njaa ya kiangazi, atafanyaje.

Jumatatu nilikwenda kibarua mapema. Niliporudi mchana nilikuta watu zizini. Ng'ombe alikuwa amesimama ameegemeza kipaji cha uso kwenye nguzo, anaisukuma, kama anayetaka kuingia ndani yake. Tumbo upande wa kushoto limevimba. Jirani wa chini na baba walikuwa wamemnywesha mafuta ya kupikia nusu lita, na baba alikuwa akimpigia bwana mifugo simu isiyopatikana. Wote walikubaliana ni tumbo kujaa. Ni jambo la kawaida, hutokea. Nilipita katikati yao nikamshika pembe kumtuliza, naye akageuza kichwa.

Macho yake yalikuwa meusi yote mawili. Ile rangi ya kahawia ya ng'ombe, yenye huruma, haikuwepo. Alikuwa ananitazama kwa jicho langu.

Nilitoka nikaenda nyuma ya zizi. Pembeni ya lundo hapakuwa na matawi ya kutosha. Palikuwa na vijiti vilivyochunwa na majani machache yaliyokunjamana, rangi ya tumbaku. Nikayaokota. Nikayatia kwenye sketi yangu. Nikayapeleka shimoni, nikayafunika na majivu, nikarudi nikasimama na wengine. Sikusema kitu. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu halinipi heshima: niliona matunda matano kwenye mti, na niliona kwamba nikifungua mdomo yatakatwa. Pia niliwaza kwamba labda atapona, jicho langu lilipona. Vyote viwili nilivifikiri kwa wakati mmoja.

Hakupona. Miguu ya mbele ilipopiga magoti jirani alisema tumwahi, asije akafa na damu yake. Baba akatikisa kichwa kukubali, akaenda kusimama upande wa pili wa nyumba. Jirani ndiye mwenye mkono wa kisu pale kwetu. Alimaliza upesi.

Ng'ombe akichinjwa kwa bahati mbaya kijijini, watu wanakuja bila kuitwa na kila mmoja anajua kazi yake. Wanawake walifika na mabeseni. Nyama ingegawanywa na kuuzwa hapo hapo, pesa ipelekwe kwa mwenyewe pamoja na ngozi. Ni msaada, ni namna ya kusema pole. Makaa yakawashwa, ini likakatwa vipande, likatupwa juu ya wavu kwa ajili ya waliochinja. Nilisikia harufu yake, na nilikuwa na njaa, hilo pia nalikumbuka. Watoto wa majirani wakakaa mstari kwenye gogo, magoti pamoja, wakisubiri.

Jirani wa chini aligeuza ini kwa kisu, akachoma kipande cha kwanza, akaninyooshea mimi.

"Mshenga, pokea. Wewe ndiye uliyekuwa unamkatia majani."

Sikumwona yeye. Niliwaona wale wa kwenye gogo.

"Msile," nikasema.

"Hutaki wewe, sisi tunataka," akasema, na watu wakacheka kidogo.

"Msile. Amekula tarumbeta. Nilikata matawi jana nikayaacha kwenye mabua. Tazameni macho yake. Jicho langu lilikuwa hivyo hivyo, mliliona."

Kichwa kilikuwa kimewekwa juu ya majani ya mgomba. Watu wakakitazama. Jirani alikiinamia, kisha akachukua ini lote na wavu wake akaliweka chini, polepole, kama chombo kilichojaa. Alikuwa wa kwanza kuelewa, maana ndiye aliyeniita bundi.

Halafu mama akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa amesimama mlangoni na chumvi mkononi.

"Nilimlisha mimi. Jana jioni. Nilikumbatia mabua bila kutazama."

Ningetoa matunda yote matano mama asiseme vile. Nilikuwa nimefikiri kosa ni langu peke yangu, nimelipima, naweza kulibeba. Kumbe kulisema ni kumpa na yeye.

Watu waliondoka na mabeseni matupu. Si wote waliondoka vizuri. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba ng'ombe mzima anafukiwa kwa maneno ya msichana, na mwingine akasema kama ningenyamaza wangekula na hakuna ambaye angekufa. Huenda ni kweli. Bwana mifugo alipofika keshokutwa yake alisema bila kupima hawezi kuapa, ila yeye asingeila. Tulichimba shimo refu, tukamwaga majivu, tukaweka mawe juu kwa sababu ya mbwa. Baba alifanya kazi hiyo yote bila kuniangalia na bila kunigombeza. Mwishoni alisema tu, akiwa anapangusa jembe, "Ngozi nitaianika mwenyewe." Ndama alilia usiku na mchana.

Nilisubiri baba aseme ukate ule mti. Hakusema. Siku tisa ngozi ilikuwa imewambwa ukutani, sikio lake limesinyaa likiwa na ile alama, na mti umesimama mbele yake na nyuzi zangu nyekundu. Ilibidi nipite katikati kila nikienda msalani.

Baba alimpigia mzee simu akamwambia tu waonane siku ya mnada, kuna maneno. Mtu wa umri ule akiambiwa kuna maneno hahitaji kuuliza. Baba alivaa koti lake la misibani. Tulipanda pikipiki wote wawili na ngozi ndani ya gunia katikati yetu. Ilikuwa imekauka, inalia kwenye magoti yangu kila shimo la barabara. Baba hakuwa ameniambia nije. Nilipanda tu, hakunishusha.

Mzee alikuwa ameshafika, amekaa nje kabisa ya mnada kwenye gogo, mbali na vumbi, shuka mbili mwilini na fimbo mapajani. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kama anavyogusa wajukuu zake. Baba akafungua gunia. Mzee hakuishika ngozi yote. Alishika sikio, akalipapasa alama kwa kidole gumba, akaliachia.

"Haya," akasema.

Baba akaanza kueleza. Alisema ng'ombe alikula kitu kibaya, kiangazi, mabua yalikuwa machache. Niliona anakwenda kuyapitisha maneno mlango mwingine, mlango ambao mimi simo. Alikuwa ananificha. Nikamkatiza baba yangu mbele ya mtu mzima, jambo ambalo sijawahi kufanya kabla wala baada. Nikasema yote: matawi, lundo, kanisa, macho, majani niliyoyaficha kwenye sketi, hata hayo ambayo nyumbani sikuwa nimeyasema.

Mzee alisikiliza akitazama mnada. Nilipomaliza aliuliza, "Hilo ua watu wanakula?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Hapana, mzee."

"Unauza?"

"Bado."

"Sasa linafanya nini?"

"Linanukia jioni," nikasema.

Akacheka, lakini hakikuwa kicheko. "Ng'ombe wangu amekufa kwa harufu ya jioni." "Ungekaa kimya, ngozi ingekuja, ningesema Mungu amechukua, ningelala. Sasa umenipa kazi ya kukasirika, na mimi ni mzee."

Tulirudi naye. Alitaka kuona ndama. Njia nzima ya kutoka barabarani alitazama tarumbeta za majirani, moja baada ya nyingine, na kwetu akasimama mbele ya mti wa bibi akashika uzi mmoja mwekundu kati ya vidole viwili, akauachia. Hakusema tukate, wala hakusema tusikate. Mama alimpa chai, akainywa. Halafu akafungua ndama. Baba alikuwa ametumaini kwamba ataacha ndama; nilijua kwa jinsi alivyokuwa amefagia zizi. Mzee akamfunga kamba, akampa baba mkono, mkono wa muda mrefu.

"Haya," akasema mara ya pili siku ile. "Kwaheri, baba."

Hakusema pakiteng'. Baba alisubiri kidogo, mkono ukiwa bado mbele, kisha akaurudisha kwenye koti.

Jua lilikuwa linashuka na harufu imeanza. Nilichukua panga. Nilianza na wa waridi, nikaja kwenye wa bibi, na baba akatoka akiwa ameshavua koti, akasema wa bibi ningeuacha. Nilikuwa nimeshafika katikati ya shina. Akanisaidia kumalizia. Hatukuchoma, maana moshi wake nao haufai, tulifukia vyote. Matunda niliyatoa kwanza. Nilipasua moja: mbegu zilikuwa nyeupe, laini, kama meno ya mtoto ambayo hayajatoka. Yale mengine manne niliyaweka kwenye kopo la maziwa juu ya kenchi ya paa, nikayaacha yakauke au yaoze, vyovyote. Jirani wa chini alikata ua wake wiki ile ile bila kuombwa. Wengine hawakukata. Jirani hajaniita mshenga tena tangu siku ile, na sikujua kama mtu anaweza kulitamani jina la utani hivyo.

Mvua za vuli ziliponyesha nilishusha kopo. Matunda yalikuwa yamejikunja. Mbegu nyingi zilikuwa ganda tupu, ila nilipata kumi na moja zenye uzito kidogo. Nilizifukia kwenye debe lililokatwa, nikalitundika kwenye msumari, juu, upande ambao hata mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma hafiki. Sikumwambia mtu. Sikujua natafuta nini. Siku nyingine nilikuwa nalimwagilia, siku nyingine naliacha makusudi likauke, halafu naamka na huruma nakwenda na kikombe. Wiki nyingi zilipita. Kikatoka kimche kimoja, majani mawili membamba, bado kimevaa ganda lake kama kofia. Nilikitazama bila furaha niliyokuwa nimeiwekea nafasi. Kama kitakuwa cha rangi ya machweo sijui. Itachukua mwaka au zaidi. Kuna asubuhi nakaribia kuking'oa.

Mzee hakuwa amepiga simu tangu mnada. Baba naye hakupiga. Hakulisema hilo, ila alianza kuacha simu ndani akienda shamba, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Simu ililia mwezi wa kwanza, tukiwa kwenye palizi. Nilikuwa nimerudi nyumbani kuchukua maji, nikaikuta mezani inatikisika. Niliona ni mzee. Nikamwamkia, nikamwambia asubiri nikimbie nimpelekee baba.

"Usimpelekee," akasema. "Wewe unatosha. Ile ya jioni imeota?"

Sikujua alijuaje. Labda aliona tu nyuzi zile, akanijua. Nikamwambia kimeota kimoja.

"Kiko wapi?"

"Juu, kwenye msumari. Hakifikiwi."

"Kikae hapo hapo." Nikasikia upepo wa kule, na kengele ya mifugo karibu yake. "Sasa sikiliza. Mwambie pakiteng' wangu, ndama yupo. Anakula."

Ikakatika, au aliikata.

Nilikimbia na simu mkononi na ndoo nimeisahau. Baba alikuwa katikati ya mstari, ameinama, anapalilia mahindi yaliyofika gotini. Nilisimama mbele yake nikahema. Nikasema mzee amepiga, amesema mwambie pakiteng' wangu ndama yupo, anakula.

Baba hakuinua kichwa. Alipalilia shina moja, akapalilia la pili, kwa uangalifu kupita kiasi, akizungusha udongo kwa jembe kama anamfunika mtu. Halafu jembe likasimama.

"Amesemaje?" akauliza. "Anza pale mwanzo."

Nikaanza pale mwanzo.